Dawa Iliyozaliwa Katika Usaha

Ndugu wasikilizaji, juma hili nitawasimulia historia ya kitu kilichogunduliwa katika usaha, kikatafutwa tena katika samaki, na sasa, baada ya zaidi ya miaka 150, kimerudishwa kwenye kidonda kama dawa. Kitu hicho ni DNA, ile ambayo sisi tumezoea kuiita vinasaba. Wengi wetu huisikia inapotokea kesi ya kugombea mtoto, au pale miili ya watu waliokufa ajalini inapotakiwa kutambuliwa. Ni wachache wanaojua kwamba vinasaba vya samaki husafishwa, hukatwakatwa vipande vidogo, na kuchomwa kwa sindano ili kusaidia ngozi iliyoharibika ijijenge upya.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu habari zake zimekwisha kufika hata kwetu Muze, huku bondeni chini ya Lyamba lya Mfipa. Zimekuja kwa simu za mkononi. Ujumbe unasema kuna sindano ya "DNA ya samoni" inayoponya kidonda cha aina yoyote, inayoondoa makovu na makunyanzi, na inayomrudishia mtu ngozi ya ujana. Msimu uliopita wa mavuno, mzee mmoja jirani yangu, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu kilichokataa kufunga, aliniita nyumbani kwake. Kijana wake aliye mjini alikuwa amempelekea habari hizo, na mzee alikuwa anahesabu magunia ya mpunga ya kuuza. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mtu wa kusoma. Dawa hii ya samaki ni ya kweli au ni ya matapeli?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, dawa ni ya kweli, na matapeli nao ni wa kweli." Maelezo ya jibu hilo ni marefu kidogo, na ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze na mwaka 1868. Katika mji wa Tübingen, Ujerumani, alifika kijana mmoja wa Uswisi aliyeitwa Friedrich Miescher. Alikuwa amesomea udaktari, lakini masikio yake hayakusikia vizuri, hivyo akaona kazi ya kusikiliza vifua vya wagonjwa haitamfaa. Akajiunga na maabara ya Profesa Felix Hoppe-Seyler. Maabara yenyewe ilikuwa ndani ya ngome ya kale juu ya kilima, na chumba alichopewa Miescher kilikuwa zamani jiko la ngome hiyo.

Kazi aliyojipa ilikuwa kujua mwili umeundwa kwa vitu gani, si kwa kuangalia nyama na mifupa, bali chembe hai zenyewe, zile ndogo zisizoonekana kwa macho. Alihitaji chembe nyingi zilizokuwa rahisi kutenganishwa. Akazipata mahali ambapo watu wengine waliona uchafu tu. Hospitali ya upasuaji ya mji ule ilikuwa ikitupa kila siku bandeji zilizolowa usaha. Usaha, ndugu msikilizaji, kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizokwenda kupigana na vijidudu kwenye kidonda zikafia huko. Miescher akaziomba zile bandeji. Zilizokuwa zimeoza na kunuka alizitupa, zilizobaki akazisuuza kwa maji ya chumvi maalumu mpaka chembe zikatuama chini ya chombo.

Hapo ikaanza kazi ya kuchenjua. Wazee wetu wa Ufipa wangeielewa kazi hiyo, maana wao walijenga malungu marefu ya udongo na kutoa chuma katika mawe mekundu ambayo mpita njia asingeyageukia. Miescher alitumia asidi, magadi na pombe kali, na pia maji ya tumbo la nguruwe yenye uwezo wa kuyeyusha protini. Mwishoni alibaki na kitu cheupe kama nyuzinyuzi, kilichotoka katika kiini cha chembe. Alipokipima akakuta kina fosforasi nyingi, na hakikufanana na protini yoyote iliyojulikana. Hiyo ilikuwa mwaka 1869. Akakiita nukleini, maana yake kitu cha kiini. Profesa wake hakuamini upesi. Aliyarudia majaribio yale kwa mkono wake mwenyewe, na taarifa ikachapishwa mwaka 1871.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Miaka miwili kabla ya ugunduzi huo, mwaka 1867, daktari Joseph Lister wa Uingereza alikuwa ametangaza njia ya kuosha majeraha kwa dawa ya kuua vijidudu. Njia hiyo ilipoenea, usaha ulipungua sana katika wodi za Ulaya. Kwa hiyo Miescher aliokota usaha ule wakati dunia ikijifunza namna ya kuukomesha. Kwa sayansi ilikuwa bahati. Kwa wagonjwa, bahati kubwa zaidi ilikuwa ile ya Lister, na jambo hili tutalirudia.

Aliporudi kwao Basel, Miescher alikuwa na tatizo lingine. Bandeji hazikumtosha. Lakini mji wa Basel uko kando ya mto Rhine, na siku zile samaki aina ya samoni walikuwa wakiupanda mto huo kwa wingi kutoka baharini kwenda kuzaa. Samaki dume wakati wa kuzaa hujaa mbegu za kiume, na kichwa cha kila mbegu ni kiini karibu kitupu. Kwa mtu anayetafuta nukleini, huo ulikuwa mgodi. Miescher alifanya kazi katika vyumba vya baridi kali, madirisha wazi, ili kitu chake kisiharibike. Katika mbegu hizo za samaki alipata nukleini safi zaidi kuliko ile ya usaha, na mwaka 1874 akatangaza kitu cha pili alichokikuta kimeambatana nayo, akakiita protamini. Tuliweke jina hilo la protamini akilini, kwa maana litatufikisha hadi kwenye hospitali zetu. Mwenyewe alifariki mwaka 1895 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 51, bila kujua kwamba alikuwa ameshika mikononi kitu kinachobeba urithi wa viumbe.

Sasa tuvuke bahari tuje kwetu. Mwaka 1889 mtaalamu wa Kijerumani Richard Altmann aliisafisha nukleini kwa kuiondolea protini, akaipa jina jipya la asidi ya nukleiki, jina ambalo ndimo ilimotoka herufi A ya DNA. Mwaka huo huo wa 1889 aliwasili Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mganga mmoja Mwafrika aliyeitwa Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, kisha akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alipofika Karema hakuondoka tena. Alitibu watu wa mwambao ule kwa zaidi ya miaka 60, mpaka akafariki mwaka 1956. Karema ya leo imo mkoani Katavi, sehemu iliyokuwa chini ya Mkoa wa Rukwa mpaka mwaka 2012, na wakazi wa Sumbawanga wanalijua jina la Atiman kwa sababu hospitali ya Kanisa Katoliki mjini hapo imepewa jina lake.

Nawaweka watu hawa wawili pamoja kwa makusudi. Mmoja alikuwa Leipzig akisafisha kitu ambacho matumizi yake yalikuwa hayajajulikana. Mwingine alikuwa Karema, na nchi aliyoifikia ilikuwa ya vidonda: vya wavuvi, vya wakulima wanaokanyaga visiki, vya wapagazi, donda ndugu la miguuni, na ugonjwa wa buba. Kidonda hakikuweza kusubiri wataalamu wa Ulaya wamalize utafiti wao. Mganga wa siku zile alikuwa na maji, kisu, kitambaa, dawa chache na subira. Watu walipona kwa hizo.

Katika miaka ya 1920 likaja jambo jingine lililobadilisha fikra za watu wetu kuhusu tiba. Serikali ya Waingereza ya Tanganyika pamoja na misheni walieneza sindano za kutibu buba. Dawa zenyewe zilitengenezwa kwa madini, kama aseniki na bismuthi. Zilikuwa kali, lakini vidonda vya buba vilinyauka baada ya sindano chache tu. Watu walitembea mwendo mrefu kuzifuata. Tangu hapo sindano ikapata heshima ambayo kidonge na bandeji havijapata mpaka leo. Baadaye penisilini ikaongeza heshima hiyo. Mpaka hivi leo, ndugu wasikilizaji, mgonjwa akitoka zahanati bila kuchomwa sindano, yupo atakayelalamika nyumbani kwamba hakutibiwa. Mfanyabiashara mjanja anaijua historia hiyo, hata kama hajawahi kuisoma.

Turudi kwenye protamini ya Miescher. Insulini ilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1920, wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakisubiri kifo walianza kuishi. Tatizo likawa kwamba insulini ile iliisha nguvu upesi mwilini, ikabidi mgonjwa achomwe mara nyingi kwa siku. Mwaka 1936, daktari Hans Christian Hagedorn wa Denmark na wenzake walitangaza kwamba wakiichanganya insulini na protamini, iliyotolewa katika mbegu za kiume za samaki aina ya trauti, inayeyuka polepole chini ya ngozi na kufanya kazi kwa muda mrefu. Miaka kumi baadaye ikatengenezwa aina iliyo bora zaidi, na aina hiyo ingali inatumika duniani, Tanzania ikiwamo. Ile chupa ya insulini yenye maji meupe kama maziwa, ambayo muuguzi humwagiza mgonjwa aizungushe taratibu kiganjani kabla ya kuivuta, weupe wake unatokana na insulini iliyoshikamana na protamini. Kwa hiyo samaki wa Miescher wameingia katika hospitali zetu siku nyingi, kimya kimya, bila matangazo ya simu, na wameokoa watu.

DNA yenyewe ilichelewa zaidi kupata kazi. Mwaka 1944, Oswald Avery na wenzake huko New York walionyesha kwamba DNA ndiyo inayobeba sifa za urithi kutoka kijidudu kimoja kwenda kingine. Mwaka 1953, James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha za mionzi zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin, walieleza umbo lake, kwamba ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Dunia nzima ikaanza kuiangalia DNA kama kitabu cha maelekezo ya mwili. Wachache waliendelea kuiangalia kama kitu cha kushika, chenye uzito na kazi zake katika kidonda.

Katika kidonda, jambo la kwanza lililojulikana lilikuwa baya. Mwaka 1949, William Tillett na Sol Sherry wa New York walieleza jinsi walivyotumia vimeng'enya kutoka kwa bakteria kuyeyusha damu iliyoganda na usaha mzito uliojaa kifuani mwa wagonjwa. Kimojawapo kilikuwa cha kukata DNA. Ikaonekana wazi kwamba usaha huwa mzito na wa kunata kwa sababu chembe zilizokufa zimemwaga DNA yake, nayo hutanda kama utelezi wa mlenda. Usaha huo ukibaki huzuia kidonda kufunga na kuwapa vijidudu maficho. Ndiyo sababu muuguzi mzuri huanza kwa kuusafisha, hata mgonjwa akilalamika.

Hapa msikilizaji ana haki ya kuuliza: inawezekanaje kitu kilekile kiwe kizuizi katika usaha, kisha kiwe dawa katika chupa? Jibu ni kwamba kinachofanya kitu kiwe sumu au dawa ni usafi wake, ukubwa wa vipande vyake, kiasi chake na mahali kinapowekwa. DNA ya usaha ni nyuzi ndefu zilizochanganyika na uozo na vijidudu hai. DNA ya dawa hutolewa katika mbegu za kiume za samoni au trauti, huondolewa protini ambazo zingeweza kuamsha mzio, hupitishwa katika joto kali, na kukatwa vipande vifupi. Trauti hao si wageni kabisa Afrika Mashariki. Waingereza waliwaleta Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na wangali wanaishi katika mito ya baridi ya Mlima Kenya. Hata hivyo kumvua trauti si kupata dawa, kama vile kuokota jiwe jekundu Ufipa si kupata jembe.

Vipande hivyo hufanya kazi gani? Wataalamu wanataja njia mbili. Ya kwanza ni ya matofali. Kidonda kikifunga, mwili huunda chembe mpya kwa mamilioni, na kila chembe mpya inahitaji nakala yake ya DNA. Kutengeneza matofali ya DNA kutoka mwanzo ni kazi ngumu kwa chembe iliyo dhaifu, kwa hiyo mwili una desturi ya kuokota matofali ya nyumba iliyobomoka na kuyajengea tena. Vipande vya DNA ya samaki vikivunjika hutoa matofali ya namna hiyo, na matofali ya DNA ya samaki ni yale yale ya binadamu, ya ng'ombe na ya mpunga. Tofauti ya viumbe iko katika mpangilio tu.

Njia ya pili ni ya kengele. Vipande hivyo hugusa kipokezi fulani kilichoko juu ya chembe, ambacho kwa kawaida huitikia kitu kiitwacho adenosini. Kipokezi kikishtuliwa, mwili hupunguza uvimbe na kuhimiza mishipa midogo ya damu iote kuelekea kwenye kidonda. Kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi, kama shamba la mpunga lisilofikiwa na maji lisivyovunwa.

Basi, je, imethibitishwa? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 216 wa kisukari wenye vidonda vya miguu. Wengine walichomwa dawa hii, wengine walichomwa maji yasiyo na dawa, na wote walipata matunzo ya kawaida ya kidonda. Baada ya wiki 8, vidonda vilikuwa vimefunga kabisa kwa asilimia 37.3 ya waliopata dawa, na kwa asilimia 18.9 ya wasioipata. Huo ni msaada wa kweli, karibu maradufu. Lakini tuisome hesabu hiyo kwa macho mawili. Hata kwa dawa, katika kila wagonjwa kumi, sita walikuwa hawajafunga vidonda vyao muda huo ulipokwisha. Tena vidonda vilivyochaguliwa havikuwa vile vilivyooza mpaka mfupani, na kila mgonjwa alikuwa mikononi mwa waganga waliomsafisha na kumfuatilia. Dawa ile iliongezwa juu ya matunzo. Haikuwekwa mahali pa matunzo.

Kutoka kwenye vidonda vya Italia dawa za jamii hii zilienea Korea Kusini, na huko zikawa bidhaa kubwa ya urembo, za kulainisha ngozi ya uso. Kutoka Korea zikaenda duniani kote. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha zichomwe kwenye ngozi kwa ajili ya urembo, ingawa krimu zake zinauzwa madukani. Na krimu ni jambo jingine, kwa maana vipande hivi ni vikubwa, na ngozi nzima iliumbwa ili izuie vitu vikubwa visipenye. Atakayewaambia dada zetu kwamba DNA ya samoni itawageuza rangi, au itaingia katika vinasaba vyao na kuwafanya wasizeeke, anasema uongo. Tunakula samaki kila siku kutoka Ziwa Rukwa, DNA yake na yote, na hakuna aliyeota mapezi.

Hatari kubwa iko kwenye chupa yenyewe. Kitu kilichotoka katika samaki, kikachomwa chini ya ngozi, lazima kiwe safi kabisa, kisicho na kijidudu hata kimoja. Anayekuuzia kwa ujumbe wa simu, na kukuletea kwa basi katika mfuko wa plastiki, hawezi kukuonyesha kimetoka kiwanda gani wala kimehifadhiwaje njiani. Dawa halali hapa nchini husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyorithi kazi hiyo kutoka TFDA mwaka 2019. Swali la kwanza la mnunuzi liwe hilo: imesajiliwa? La pili liwe: nani ananichoma, na amesomea wapi? Mwenye kisukari akichomwa kitu kichafu karibu na kidonda anaweza kupoteza mguu aliotaka kuuokoa.

Sasa turudi kwenye vidonda vyetu wenyewe, kwa sababu somo kubwa la mguu wa kisukari limeandikwa hapa hapa Tanzania. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake, waliowachunguza wagonjwa wa Muhimbili kwa miaka mingi, walichapisha mwaka 2005 taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Msikilizaji wa mjini anaweza kushangaa. Sisi wa bondeni hatushangai. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu analala, panya anakuja, anatafuna kidole, na mwenye kidole hasikii. Asubuhi anaona damu kwenye shuka. Huku Muze gunia la mpunga huwekwa ndani, mara nyingi chumba kile kile cha kulala, na penye mpunga pana panya. Ongeza hapo kulima peku katika majaruba, visiki vya mabua, na moto wa jikoni ambao mguu wenye ganzi hauusikii.

Dkt. Abbas na wenzake, katika mpango wa mafunzo ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchini Tanzania na India, waliwafundisha waganga na wauguzi mambo ambayo hayahitaji samaki wa nchi za baridi. Mgonjwa avuliwe viatu na miguu yake iangaliwe kila anapokuja kliniki. Kidonda kisafishwe na nyama iliyokufa ikatwe. Uzito uondolewe kwenye mguu unaoumwa, maana kidonda kinachokanyagwa kila hatua kinajeruhiwa upya kila hatua. Sukari ipimwe na ishushwe. Mgonjwa afundishwe kuitazama miguu yake mwenyewe kila jioni, na asiyeona vizuri atazamwe na mke, mume au mjukuu.

Kwa upande wetu wa nyumbani naongeza haya. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Tuache kumwagia unga wa vidonge vya rangi mbili, unga wa betri, mafuta ya taa au kinyesi cha ng'ombe. Vingine huchoma nyama mpya inayoota, na kinyesi huweza kuleta pepopunda. Mwenye kisukari alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, kimkinge na mbu na panya kwa pamoja, na mpunga uhamishwe chumba kingine. Kidonda cha mguu kikipita juma moja bila dalili ya kufunga, au kikibadilika rangi na kunuka, safari ya kupanda mlima kwenda Ntendo hadi Sumbawanga ianze siku hiyo hiyo, si baada ya mnada wa ng'ombe.

Mzee jirani yangu aliuza gunia moja tu, kwa nauli na matibabu. Hospitalini walimpima sukari wakaikuta juu mno. Walimsafisha kidonda, wakamkata kidole kimoja kilichokwisha kufa, wakamwanzishia insulini, ile ile nyeupe ya protamini. Mguu umebaki. Nilipomweleza kwamba katika chupa ile mna kitu kilichogunduliwa kwenye mbegu za samaki zaidi ya miaka 140 iliyopita, alicheka sana, akasema, "Kumbe nimechomwa samaki hata hivyo!"

Ndugu wasikilizaji, sisemi kwamba dawa mpya hazituhusu. Siku moja dawa hii ya vipande vya DNA, ikithibitishwa zaidi na bei yake ikishuka, inaweza kuwekwa katika kabati la hospitali zetu, na itakuwa vema wataalamu wetu wa vyuo vikuu waijaribu kwa vidonda vya kwetu badala ya kungoja hesabu za Italia. Lakini historia yenyewe inatupa mpangilio. Mwaka 1867 Lister alifundisha kuosha kidonda. Mwaka 1869 Miescher akapata DNA katika usaha wa vidonda vilivyokuwa bado havijaoshwa ipasavyo. Kuosha kulitangulia, na mpaka leo hakuna dawa ya chupa inayofanya kazi vizuri juu ya kidonda kichafu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwenye kuruka maji na sabuni kwenda kununua samoni anaifuata haraka ambayo gharama yake ni mguu.

Panapo majaliwa, tukutane tena juma lijalo.